Joto la mwili la mgonjwa wa saratani: homa, baridi na jasho vinatoka wapi

Siku ya kumi baada ya dripu ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, mgonjwa anasema anasikia baridi. Ni saa 9 alasiri, jua linawaka, naye anaomba blanketi. Wanamfunika, wanampa panadol mbili. Mmoja anasema "hiyo malaria tu", mwingine anatumwa duka la dawa akalete mseto. Baada ya saa moja mgonjwa anatoka jasho, joto limeshuka, nyumba nzima inashusha pumzi. Ikifika saa 6 usiku anahema haraka haraka, vidole vimepoa, na akiulizwa jina la mwanawe anababaika.

Panadol ilifanya kazi yake sawasawa: ilishusha joto. Bakteria waliolipandisha hawakuguswa, na muda wa saa tisa waliopewa, tangu alasiri hadi usiku, ni mwingi kuliko wanaouhitaji.

Joto la mtu mwenye saratani hubadilika kwa sababu nyingi: uvimbe wenyewe, maambukizi, dawa, damu aliyoongezewa, homoni zilizozimwa, mwili uliokonda. Nyingi kati ya hizo husumbua bila kuua. Moja, yaani maambukizi, inaweza kuua ndani ya siku moja, na mwanzoni inafanana na nyingine zote. Ndiyo maana daktari wa saratani akipigiwa simu kuhusu homa huuliza mambo mawili kwa pamoja: joto ni ngapi, na leo ni siku ya ngapi tangu dripu.

Baridi hutangulia

Upande wa chini wa ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Hulinda joto la mwili jinsi kidude cha pasi ya umeme kinavyolinda joto la pasi: umeiweka kwenye namba fulani, ikipoa inawaka, ikizidi inazima. Namba ya binadamu ni karibu nyuzi joto 37, ikishuka kidogo alfajiri na kupanda kidogo jioni.

Chembe za kinga zikikutana na bakteria humwaga kwenye damu kemikali za kupashana habari, zikiwemo intalukini 1 na intalukini 6. Habari hiyo ikifika ubongoni hutengenezwa prostaglandini E2, na hiyo ndiyo inayosogeza namba ya pasi kutoka 37 hadi, tuseme, 39. Kuanzia hapo mwili wenye nyuzi 37 unajiona umepoa. Mishipa ya ngozi inajibana ili joto lisipotee, mikono inakuwa baridi, misuli inatetemeka ili izalishe joto. Wakati huo kipimajoto bado kinaweza kusoma 37.2.

Kwa hiyo mgonjwa aliye kwenye kemo akitetemeka hadi meno yanagongana, msisubiri namba ipande. Anzeni safari ya hospitali, mpimeni tena baada ya nusu saa mkiwa njiani.

Panadol hupunguza ile prostaglandini. Namba ya pasi inarudi 37, mwili unajiona una joto la ziada, mishipa ya ngozi inafunguka na jasho linatoka. Jasho hilo linaonyesha kwamba dawa imefika ubongoni. Kuhusu maambukizi halisemi lolote.

Siku ya 7 hadi ya 14

Walinzi wa kwanza dhidi ya bakteria ni seli nyeupe za damu ziitwazo neutrofili. Uboho ulio ndani ya mifupa ya mtu mzima mwenye afya hutengeneza takriban bilioni 100 kila siku, kwa sababu neutrofili ikishaingia kwenye damu haina maisha marefu. Dawa nyingi za kemo huua seli zinazogawanyika haraka, na uboho ni kiwanda kinachogawanya seli usiku na mchana. Kiwanda kikisimama, akiba huanza kuisha ndani ya wiki moja. Kwa dawa nyingi hesabu hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda tena kuelekea siku ya 21, na hii ni sababu mojawapo ya mizunguko mingi kupangwa kila baada ya wiki 3. Wanaotibiwa saratani ya damu hukaa chini kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu uboho wenyewe ndio mgonjwa.

Karatasi ya picha kamili ya damu inafaa kila anayeuguza ajue kuisoma mahali pamoja tu: mstari wa neutrofili. Mashine nyingi huandika mistari miwili, mmoja wa asilimia (NEU%) na mmoja wa idadi (NEU#). Wa maana ni ule wa idadi. Kama haupo, chukua jumla ya seli nyeupe (WBC) uzidishe kwa asilimia. Mfano: WBC 1.2, neutrofili asilimia 30. Zidisha 1.2 kwa 0.30, unapata 0.36, yaani neutrofili 360 kwa mikrolita. Chini ya 1,500 ni upungufu. Chini ya 500, ambayo mashine itaandika 0.5, ni hatari kubwa. Chini ya 100 mwili karibu hauna ulinzi. Mtu anaweza kuona asilimia 30 akadhani mambo si mabaya sana, kumbe ni asilimia 30 ya kitu kilichokwisha.

Usaha ni mizoga ya neutrofili kwa sehemu kubwa. Bila neutrofili hakuna usaha, uvimbe na wekundu huwa hafifu, na hata picha ya eksirei ya kifua inaweza kuonekana safi wakati nimonia imeshaanza. Homa inaweza kuwa ishara pekee iliyobaki. Ndiyo maana madaktari huichukulia kama dharura hata mgonjwa akiwa ameketi anaongea vizuri.

Watu wengi hudhani maambukizi haya huletwa na wageni wanaokuja kumwona mgonjwa. Mara nyingi bakteria ni wa kwake mwenyewe, wale wanaoishi kwenye utumbo wake miaka yote bila ugomvi. Kemo huchubua ukuta wa mdomo na wa utumbo, na wao hupenya hapo na kuingia kwenye damu. Kwa hiyo kinywa kina uzito kuliko kufunga mlango: mswaki laini mara mbili kwa siku, kusukutua na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji mara nne au zaidi, mikono kuoshwa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya choo. Na hakuna kitu kinachoingizwa njia ya haja kubwa: si kipimajoto, si dawa ya kupachika, si bomba la kusafishia tumbo. Mchubuko mdogo pale ni mlango wazi.

Hospitalini lengo linalofuatwa duniani ni dozi ya kwanza ya antibayotiki kwenye mshipa ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa afike. Damu ya kuotesha bakteria huchukuliwa kabla ya dozi, lakini dawa haisubiri majibu, kwani majibu huchukua siku kadhaa. Dawa zinazotumika ni zile zenye uwezo mpana: piperasilini na tazobaktamu, sefepimu, seftazidimu, meropenemu. Seftriaksoni, ambayo hupatikana karibu kila mahali, haimwezi bakteria aina ya Pseudomonas, mmoja wa wauaji wa haraka katika hali hii. Hata hivyo, mgonjwa aliye saa nyingi kutoka hospitali kubwa ni heri apate dozi hiyo kituo cha karibu, daktari wake akiwa kwenye simu, kuliko kusafiri usiku kucha bila kitu mwilini.

Umbali ndio tatizo letu. Mtu wa Kigoma au Mtwara anapata dripu Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, anarudi nyumbani siku ya pili au ya tatu, na siku ya kumi inamkuta kijijini. Kabla ya kuondoka aulize mambo matatu: namba ya simu inayopokelewa usiku, hospitali ipi ya mkoani kwao yenye antibayotiki za mshipa, na karatasi yenye majina ya dawa alizopewa na tarehe.

"Kumbe ana malaria"

Mgonjwa wa kemo anaweza kupata malaria kama mtu yeyote, na apimwe. Kosa ni kusimama hapo. Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Aliyetibiwa malaria mwezi uliopita anaweza kuonyesha mistari miwili kwenye kipimo, yaani chanya, leo bila kuwa na malaria. Hata kama anayo kweli, haimkingi na bakteria. Neutrofili zikiwa chini apewe mseto na antibayotiki zote mbili, siku hiyohiyo. Hadubini husaidia kutofautisha, kwa kuwa yenyewe huona vimelea walio hai.

Kupima vizuri

Kipimajoto cha dijitali cha kwapani kinatosha. Futa jasho kwapani kwanza. Ncha iguse ngozi kwenye shimo lenyewe la kwapa, isitokeze kwa nyuma wala isishike nguo, mkono ubanwe ubavuni. Kikilia, kiache dakika mbili zaidi, washa upya upime tena bila kukitoa. Mara nyingi namba ya pili hupanda kidogo na ndiyo ya kuaminika. Mdomoni ni sahihi zaidi kama hana vidonda, lakini asiwe amekunywa chai au maji baridi ndani ya nusu saa. Vile vya bastola vinavyolengwa kwenye paji la uso hudanganywa na jasho, feni na jua, hivyo visitumike kuamua kubaki nyumbani.

Mpaka uliozoeleka hospitalini ni 38.3 kwa kipimo kimoja, au 38.0 inayodumu saa nzima, vikipimwa mdomoni. Kwapani husoma pungufu, mara nyingi kwa karibu nusu nyuzi. Kwa hiyo nyumbani fuateni utaratibu mkali zaidi: kwapani 38.0, ondokeni. Kwapani 37.5, pigeni simu na mpime tena baada ya saa moja. Chini ya 36.0 kwa mtu mwenye kemo anayeonekana amelegea au kuchanganyikiwa, ondokeni vilevile. Maambukizi yakishaenea kwenye damu yanaweza kuushinda mwili hata ushindwe kujipasha joto, na joto kushuka hivyo ni dalili mbaya kuliko 39.

Kuna vitu viwili vinavyoficha homa. Cha kwanza ni dawa za maumivu. Mgonjwa anayemeza panadol kila baada ya saa 6 kwa ajili ya mifupa anaweza asipandishe joto hata akiwa na bakteria kwenye damu. Apime kabla ya kila dozi, aandike namba na saa. Cha pili ni steroidi, yaani prednisoloni au deksamethasoni, ambazo ni sehemu ya matibabu mengi ya saratani na pia hutolewa kuzuia kutapika. Mtu aliye kwenye steroidi akisema "leo mwili hauko sawa", aaminiwe hata kipimajoto kikisema 36.8.

Mapokezi, sentensi ya kwanza iwe hii: "Mgonjwa huyu yuko kwenye dawa za saratani, alipata dripu tarehe fulani, ana homa." Isemwe kwa sauti, kadi ikiwa mkononi, kabla ya kuchukua namba ya foleni. Mhudumu anayesikia "ana homa" peke yake atamketisha benchi na wengine wenye homa.

Homa ya uvimbe wenyewe

Baadhi ya seli za saratani humwaga intalukini 6 zenyewe, bila bakteria yeyote, na namba ya pasi inapanda vilevile. Zinazojulikana kwa hilo ni limfoma, saratani za damu, ya figo na ya ini, pamoja na saratani zilizosambaa hadi kwenye ini. Kwa limfoma kuna dalili tatu ambazo madaktari huziuliza kwa pamoja: homa inayozidi 38 bila sababu nyingine, jasho la usiku linalolazimisha kubadili shuka, na kupungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito ndani ya miezi 6. Aliyekuwa na kilo 70 akifika 62, hiyo imetimia. Kuwepo kwa dalili hizi hubadilisha jinsi hatua ya ugonjwa inavyoandikwa na wakati mwingine matibabu yenyewe.

Katika limfoma ya Hodgkin imeelezwa homa ya ajabu inayokuja kwa wiki moja au mbili, ikatoweka kwa muda kama huo, ikarudi. Iliandikwa miaka ya 1880 na Pel wa Uholanzi na Ebstein wa Ujerumani na bado ina majina yao. Ni nadra, lakini ikija huwapumbaza watu, kwa sababu dawa yoyote iliyomezwa wakati homa inaondoka yenyewe hupata sifa isiyo yake.

Huku kwetu homa ya muda mrefu, jasho la usiku na kukonda huitwa kifua kikuu, na mara nyingi ni kweli. Tatizo huja mgonjwa mwenye matezi shingoni anapoanzishiwa dawa za TB bila ushahidi wa maabara, akameza miezi miwili, mitatu, matezi yakizidi kukua. Tezi lisilouma, gumu kama mpira, linaloendelea kukua, lichukuliwe kinyama, yaani sampuli ya kupimwa maabara. Sindano ya kunyonya seli chache mara nyingi haitoshi kutambua aina ya limfoma. Heri tezi litolewe zima. Tena litolewe kabla ya kuanza prednisoloni, maana steroidi huyeyusha limfoma kwa muda na kumwacha mtaalamu wa maabara akitazama kipande kisichosema kitu.

Homa ya uvimbe ina tabia zake: hupenda jioni, tetemeko ni dogo, na mgonjwa huonekana ana nafuu kuliko namba inavyosema. Panadol huigusa kidogo. Naproksini ya miligramu 250 hadi 375 mara mbili kwa siku huizima vizuri zaidi, mara nyingi ndani ya saa 24, na madaktari wameitumia kama kidokezo cha kutofautisha. Hiyo ni kazi ya hospitali, baada ya maambukizi kutafutwa na kukosekana. Mtu mwenye chembe sahani (zinazogandisha damu) chache anaweza kutokwa damu tumboni kwa naproksini, na figo zilizochoka zinaweza kusimama.

Iko pia homa ya kuziba. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake Tanzania, ikisambaa pembeni hubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Mkojo unatuama, bakteria wanastawi, homa inakuja na maumivu ya kiuno. Saratani inayobana njia ya nyongo hufanya vivyo hivyo: homa, tetemeko, macho ya njano. Antibayotiki hutuliza siku chache tu. Kinachotakiwa ni kufungua njia, kwa kuweka mrija, na kila siku ya kuchelewa huila figo au ini.

Dawa na damu

Bleomaisini, inayotumika kwa limfoma ya Hodgkin na saratani ya Kaposi, huleta homa na tetemeko saa chache baada ya sindano. Gemsitabini huleta hali kama ya mafua. Rituksimabu hufanya hivyo wakati dripu ikiwa bado inaingia, hasa dozi ya kwanza, na dawa ni kupunguza kasi au kuisimamisha kwa muda. Homa hizi hutokea siku ya kwanza au ya pili, kisha hupita zenyewe. Homa ya siku ya kumi isisingiziwe dawa.

Damu ikiwa inaingia na joto likapanda kwa nyuzi 1 au zaidi, au ndani ya saa 4 baada ya kumaliza, muuguzi aambiwe papo hapo. Dripu ya damu hufungwa kwanza, maswali baadaye.

Joto ambalo kipimajoto hakilioni

Mwanamke aliye kwenye tamoksifeni, dawa inayozuia kazi ya homoni ya kike, au mwanamume aliyetolewa korodani au kuchomwa gosereli, sindano ya kuzima homoni, kwa saratani ya tezi dume, anaweza kushikwa na wimbi la joto linaloanzia kifuani kwenda usoni. Ngozi inawaka, jasho linatiririka, dakika chache baadaye anasikia baridi. Ukipima unakuta 36.9. Homoni zikishuka au zikizuiwa, haipothalamasi huwa nyepesi kushtuka: badiliko dogo ambalo zamani lilipita kimya sasa linafungua mishipa yote. Wanaume wengi hawajaambiwa kwamba hili litawapata, na hukaa nalo kwa aibu. Venlafaksini au gabapentini kwa dozi ndogo husaidia. Paroksetini nayo hutuliza, ila anayemeza tamoksifeni asipewe, kwa kuwa huzuia ini kuigeuza tamoksifeni kuwa umbo lake lenye nguvu.

Baridi isiyokwisha nayo ina sababu zake. Damu ikipungua, mwili hubana mishipa ya ngozi ili oksijeni iende kwenye viungo vikubwa. Mafuta na misuli vikiisha, blanketi la ndani na kiwanda cha joto vimeondoka pamoja. Aliyepigwa mionzi ya shingo, au anayepata dawa za kuamsha kinga, anaweza kupoteza polepole kazi ya tezi dundumio iliyo shingoni: anasikia baridi wakati wengine wanajipepea, anafunga choo, ngozi inakauka, usingizi hauishi. Kipimo cha damu cha TSH huonyesha, na kidonge cha kila siku hurekebisha.

Ya mwisho hushtua watu zaidi ya zote. Baada ya oksaliplatini, inayotolewa kwa saratani ya utumbo mpana, mishipa ya fahamu huchukia baridi. Kugusa soda ya friji ni kama kushika upupu wenye umeme, na funda la maji baridi humfanya mtu ahisi koo limefungwa, ingawa hewa inapita. Hali hiyo huanza saa chache baada ya dripu na hupoa ndani ya siku chache, ikirudi kila mzunguko. Kwa siku 5 maji ya kunywa yawe ya vuguvugu, soksi mguuni, na mtu mwingine afungue friji. Aliye Njombe au Limuru wakati wa baridi ajifunge skafu mdomoni kabla ya kutoka nje alfajiri. Ganzi ya vidole ikibaki hadi dripu inayofuata, daktari aambiwe kabla haijatundikwa, kwa sababu hapo dozi inaweza kupunguzwa, na ganzi iliyoachwa ilimbikizane huweza kubaki miaka.